Kukemea Kwanza, Kufuta Baadaye

Januari 2008, Kenya ikiwaka moto baada ya uchaguzi, David Kobia alilifunga Mashada, jukwaa la Wakenya alilokuwa akiliendesha kutoka Marekani. Matusi ya kikabila yalimiminika kwa kasi ambayo wasimamizi hawakuiweza: wakifuta moja, yanaingia kumi. Muda mfupi baadaye akafungua tovuti nyingine, I Have No Tribe, ambako watu walialikwa kuandika kuhusu ukabila na Ukenya wao. Uamuzi huo una somo ambalo wasimamizi wengi wa makundi hawajalishika. Kufuta peke yake hakupozi mjadala. Kinachoupoza ni mwenzako kukukemea papo hapo, mbele ya wale wale uliotaka wakushangilie.

Ushahidi bora ninaoujua ni wa mradi wa Umati, ulioanzishwa katika iHub, kitovu cha teknolojia jijini Nairobi, mwaka 2012. Watu, si mashine, walisoma maandishi ya mitandaoni kila siku kwa Kiingereza, Kiswahili, Sheng na lugha kadhaa za Kenya, wakayapanga kwa uzito: ya kuudhi tu, ya hatari kiasi, na ya hatari kubwa. Zaidi ya asilimia 90 ya waliyoyanasa yalitoka Facebook. Twitter haikufika hata asilimia 5. Ni kweli kwamba Facebook ilikuwa na watumiaji wengi zaidi. Lakini watafiti waliona kitu kingine: kwenye Twitter, aliyechochea alivamiwa na wenzake, akaaibishwa, na mara nyingine akafuta mwenyewe au akafunga akaunti. Na wanaosema dawa ni kuzuia majina bandia wajue kwamba wachochezi wengi wa Facebook walitambulika, hawakujificha.

Sasa shuka hadi kundi la WhatsApp la wadi kama Gatuanyaga, eneo bunge la Thika Mjini. Mmoja anaandika, “Msimu huu tuondoe madoadoa,” akimaanisha watu wa makabila mengine, neno ambalo NCIC, tume ya uwiano, iliorodhesha miongoni mwa maneno ya chuki mwaka 2022. Msimamizi akilifuta kimyakimya, waliolisoma wameshalisoma, na mwandishi anajiona shujaa aliyenyamazishwa. Jirani wa kabila lake akimuuliza hapo hapo, “Unamaanisha nani, yule anayetuuzia maziwa?” mambo hubadilika. Swali lina jina na sura ndani yake.

Utaniambia kukemea hugeuka kuzomea. Hugeuka, hasa umati ukianza kumtukania mtu kabila lake. Hapo msimamizi afunge kundi kwa saa chache, jambo ambalo WhatsApp imeliruhusu tangu 2018. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kundi la upande mmoja halina wa kukemea. Nakubali, na ndiyo maana sipingi kufuta: ujumbe unaotaja watu, mahali na siku ya kuwafukuza hauna mjadala. Ufutwe, picha yake ihifadhiwe, NCIC ijulishwe. Mengine yaachwe yaonekane, na karipio chini yake.

Kazi hii haianzi siku ya kura. Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Kama wewe ni msimamizi wa kundi, tafuta sasa watu wawili watatu wanaosikilizwa na kila upande, uwape usimamizi kabla kampeni hazijaanza. Zikishaanza, hakuna atakayewakubali.