Sababu, Nia na Uwezo: Neno Lililokosekana katika Vita vya Kagera

Swali la kama yafaa mataifa ya kigeni kupeleka majeshi katika nchi iliyofikwa na msukosuko aghalabu huachiwa wanasheria na wataalamu wa siasa. Wanalugha hukaa kando wakidhani kwamba halihusiani na kazi yao. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba maneno yanayotumiwa kulipeleka jeshi nje ya mipaka yake huamua pia jeshi hilo litafanya nini likishafika, na hata litashindwa kufanya nini. Mfano wangu ni vita vya Tanzania na Uganda vya 1978 na 1979, kwa sababu vita hivyo vilitangazwa, vikatungiwa na vikabishaniwa kwa Kiswahili.

Msomaji atakumbuka mambo yalivyoanza. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia katika mkoa wa Kagera, yakaua raia na kupora mali na mifugo, na baada ya siku chache Amin akatangaza kwamba eneo lote lililo kaskazini ya mto Kagera ni sehemu ya Uganda. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia taifa. Hotuba hiyo hukumbukwa hasa kwa nguzo zake tatu: sababu, nia na uwezo. Tanzania ilikuwa na vyote vitatu, na kila kimoja kilifungwa na kitenzi kile kile: kumpiga.

Hapana shaka kwamba, kama kazi ya ufasaha, hotuba hiyo ina nguvu ya pekee. Maneno ni machache, mizani yake ni ya kishairi, na asiyejua kusoma aliweza kuyashika baada ya kuyasikia mara moja. Lakini mhakiki hana budi kukitazama kitenzi chenyewe. Kiambishi -m- ni cha yambwa katika ngeli ya watu, umoja. Anayepigwa ni mtu mmoja. Haikusemwa kuipiga Uganda, wala kuwapiga Waganda. Jina la "nduli", ambalo redio na magazeti ya Tanzania yalimbandika Amin, lilifanya kazi iyo hiyo: uovu wote ulikusanywa katika kiwiliwili kimoja.

Uteuzi huu ulikuwa na hekima yake. Uliwalinda wananchi wa Uganda wasigeuzwe adui, na uliwafaa Watanzania waliokuwa wakiishi na ndugu zao wa ng'ambo ya pili ya mpaka. Ilimradi vita vilikuwa vya kumrudisha mvamizi alikotoka, sentensi ilitosha. Kazi yake ilikuwa na mwisho unaoonekana kwa macho, nao ni mpaka.

Mambo yalibadilika Januari 1979, majeshi ya Tanzania yalipovuka na kuuteka mji wa Mutukula, kisha Masaka na Mbarara mwezi uliofuata. Mwalimu alijitahidi kutenganisha mambo: alieleza kwamba palikuwa na vita viwili, kimoja cha Tanzania kuilinda ardhi yake, na kingine cha wananchi wa Uganda kujiondolea dhalimu. Ubaguzi huo ni mzuri kimantiki. Kilugha, hata hivyo, vita vyote viwili viliendelea kubebwa na kitenzi kimoja. Nchi nzima iliingiwa kwa sentensi ambayo yambwa yake ni mtu mmoja.

Wako waliopinga jambo hilo tangu mwanzo. Katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Monrovia Julai 1979, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania kwa kuuvunja msingi wa kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Lawama hiyo haiwezi kukubaliwa ilivyo. Umoja huo huo ulimpa Amin uenyekiti mwaka wa 1975, na haukumkemea hata baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa mwaka wa 1977. Msingi unaomlinda anayeua watu wake, na ambao hauwakumbuki wanaouawa, umekwisha kuchagua upande.

Watetezi wengine hushika methali isemayo, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wanadai kwamba jeshi la kigeni huwa halali likialikwa na mwenyeji. Hoja hii yavutia, lakini vita hivi vyenyewe vyaikanusha. Machi 1979 wanajeshi wa Libya walipigana upande wa Amin huko Lukaya. Hao ndio walioitwa na serikali iliyokuwa madarakani. Tanzania haikualikwa na serikali yoyote, bali iliandamana na Waganda waliokuwa uhamishoni, ambao waliunda chama chao cha pamoja mjini Moshi mwishoni mwa mwezi huo, jeshi likiwa limekwisha kuingia ndani. Basi mwenyeji ni nani? Ikiwa ni mwenye ikulu, Libya ndiyo iliyokuwa na haki. Ikiwa ni wananchi, nani aliyewauliza? Methali yachukulia kwamba mwenyeji anajulikana, na katika nchi iliyovurugika hilo ndilo jambo la kwanza lisilojulikana.

Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, naye Amin akakimbia. Hapa ndipo udhaifu wa sentensi ulipojitokeza. Aliyepaswa kupigwa hayupo. Kitenzi kimebaki bila yambwa, na jeshi limebaki na silaha zake katika nchi ya watu. Raia wa Uganda waliwaita askari hao wakombozi, na walistahili kuitwa hivyo. Lakini mkombozi akishakomboa, jina lake jipya ni lipi? Yusufu Lule alitawala siku 68 tu kabla ya kuondolewa, na watu wakaandamana Kampala kumtetea. Godfrey Binaisa aliyemrithi alipinduliwa Mei 1980 na Kamisheni ya Kijeshi, majeshi ya Tanzania yakiwa yamo nchini na yasifanye kitu kulizuia tendo hilo. Wengine husema kutofanya kitu huko kulikuwa ni kuheshimu uhuru wa Waganda. Mimi naona kwamba jeshi lenye nguvu kuliko yote nchini halina njia ya kutoingilia. Likitenda limeamua, na likinyamaza limeamua vilevile. Uchaguzi wa Desemba 1980 ulimrudisha Milton Obote madarakani huku wapinzani wakidai wameibiwa kura, na Februari 1981 Yoweri Museveni akaingia msituni. Askari wa Tanzania waliondoka mwaka huo wa 1981, na vita vipya vikaendelea hadi Januari 1986, vikiwaangamiza raia wengi, hasa wa Luwero.

Yafaa tutazame jinsi uandishi wa Kiswahili ulivyokipokea kisa hiki. Baldwin Mzirai alitoa kitabu chake Kuzama kwa Idi Amin mwaka wa 1980, naye Henry Muhanika akatoa Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada mwaka wa 1981. Nazungumzia anwani tu. Kuzama na anguko: zote mbili zauweka mwisho wa kisa pale mtu mmoja anapotoweka. Utenzi wa vita una desturi yake ya kumalizikia kwenye ushindi, na hatuna haki ya kumlaumu mtunzi kwa kuifuata. Lakini yatupasa kutambua kwamba fasihi hapa iliirithi sarufi ya hotuba. Luwero haina nafasi katika anwani hizo, kwa kuwa haikuwa na nafasi katika kitenzi.

Sisemi kwamba Tanzania ilikosea kuvuka mpaka. Amin angaliachwa ngomeni mwake, angalirudi Kagera, na Waganda wangaliendelea kufa. Ninalosema ni kwamba sababu, nia na uwezo ni masharti ya kuanza, na hayajawahi kutosha kumaliza. Neno la nne lililokosekana ni ukomo: kazi itahesabiwa kuwa imekwisha lini, kwa dalili gani, na nani atakayesema kwamba imekwisha.

Upungufu huu haukuishia Kampala. Sheria ya kuunda Umoja wa Afrika, iliyotiwa sahihi Lomé mwaka wa 2000, iliupa Umoja haki ya kuingia katika nchi mwanachama panapotendeka mauaji ya halaiki au makosa ya kivita. Hiyo ndiyo sababu, nayo imeandikwa vizuri, ukomo haukuandikwa. Oktoba 2023 Baraza la Usalama liliidhinisha ujumbe wa kimataifa wa kupambana na magenge nchini Haiti kwa miezi 12 ya kwanza, na polisi wa Kenya walifika Port-au-Prince Juni 2024. Ni polisi, wala si jeshi, lakini swali ni lile lile. Safari hiyo ilikuwa na tarehe, ila ukomo wa kalenda si ukomo wa kazi: tarehe huongezwa, kama ilivyoongezwa.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Waliujua uzito wa siku ya tatu. Mgeni mwenye bunduki hapewi jembe na mtu, kwa sababu hakuna mwenyeji athubutuye kumkabidhi. Kwa hiyo wajibu ni wake mwenyewe kuitaja siku hiyo kabla hajavuka mpaka, mbele ya wale anaokwenda kuwasaidia na kwa lugha wanayoielewa. Taifa lisiloweza kuitaja halijawa tayari kuingia katika nchi ya wenzake, hata likiwa na sababu, nia na uwezo.