Mwisho wa Reli: Juu ya Kipimo cha Umbali katika Maandiko Yetu

Watu wa Tanzania wautajapo mji wa Kigoma, aghalabu huongeza maneno matatu: mwisho wa reli. Maneno hayo yamekuwa kama jina la pili la mji. Hutamkwa kwa mzaha na wageni, na hutamkwa kwa fahari na wenyeji wenyewe. Sina ugomvi na mzaha wala na fahari. Lakini kazi ya mhakiki ni kuuliza neno limetoka wapi na lamtumikia nani, na msemo huu ukiulizwa hivyo huonekana kuwa na hukumu ndani yake. Reli ina ncha mbili, na kila ncha ni mwanzo kwa mtu aliyesimama hapo. Aiitaye Kigoma mwisho amekwisha kujiweka Dar es Salaam kabla hajafumbua kinywa.

Insha hii yakusudia kutazama jinsi umbali ulivyopimwa katika maandiko ya Kiswahili, na katika baadhi ya maandiko ya wageni yaliyotufundisha kuitazama nchi yetu. Mahali pa kuyajaribia maandiko hayo nimechagua Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Buha. Sababu ya kuchagua hapo ni nyepesi. Nchi yetu ni kubwa, yapata kilometa za mraba 945,000, na ujenzi wa reli ya kati ulioanzia Dar es Salaam mwaka 1905 ulifika Kigoma mwaka 1914, baada ya mwendo wa kilometa kama 1,250. Lakini huo unaoitwa mwisho haujafika Kasulu wala Kibondo. Abiria ashukaye Kigoma bado ana vilima vya kupanda, kilometa kama 100 hata afike Kasulu, na zaidi ya 200 hata afike Kibondo. Ikiwa Kigoma ni mwisho, basi Kibondo ni nini? Msemo hauna jibu, kwa kuwa haukutungwa na mtu aliyekuwa na safari ya kwenda huko.

Kabla ya kuwashitaki waandishi, yafaa tukumbuke kwamba ziko nyakati ambazo Buha palikuwa katikati ya mambo. Chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza ziliwavuta watu kutoka pande zote, toka ziwani, toka Burundi na toka Unyamwezi. Na chumvi iliyopikwa huko ilibadilishwa kwa vitu vingine katika nchi nyingi za jirani. Juu ya vilima palikuwa na falme, kila moja na mwami wake na watwale wake: Heru katika upande wa Kasulu, Muhambwe katika upande wa Kibondo, Buyungu kaskazini yake, na nyinginezo. Majina hayo hayakufa. Muhambwe na Buyungu yamekuwa majina ya majimbo ya uchaguzi hata katika zama zetu. Mtu wa Heru wa zama hizo aliupima umbali kutoka kwenye boma la mwami wake, na kwa kipimo hicho bahari ya Hindi ndiyo iliyokuwa mwisho wa dunia.

Kipimo kilichokuja kushinda ni cha msafara. Henry Morton Stanley alipita Buha mwaka 1871 akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, na mwaka uliofuata akatoa kitabu juu ya safari hiyo. Katika kurasa zake, Buha ni nchi ya kudaiwa hongo. Kila baada ya mwendo mfupi yuko mkubwa mwingine wa kulipwa vitambaa, hata mwishoni msafiri anaamua kupita usiku kwa siri, akiongozwa na mtu aijuaye njia, ili asilipe tena. Msomaji hufurahi pamoja naye anapoiona Ujiji. Lakini na tukisome kitabu tukiwa tumesimama upande wa pili wa njia. Huyo mkubwa anayeitwa mnyang'anyi alikuwa mtawala akitoza ushuru katika nchi yake, kama serikali zote zinavyotoza mipakani. Stanley aliandika hasira ya mpita njia, na hasira hiyo ikasomwa duniani kama habari za nchi. Hapo ndipo umbali ulipoanza kugeuzwa kuwa tabia ya watu: nchi iliyo mbali ikawa nchi ya watu wagumu.

Je, waandishi wetu wenyewe walifanya vema zaidi? Tunazo habari za safari zilizosimuliwa kwa Kiswahili na kukusanywa na Carl Velten, zilizotolewa mwaka 1901 kwa jina la Safari za Wasuaheli. Na tunayo Maisha ya Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe, ambayo W. H. Whiteley aliyapiga chapa upya pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950. Hizi ni katika nathari bora za Kiswahili cha zamani. Zina mwendo wa haraka, zina macho makali ya bei na hesabu, na hazina machozi ya bure. Lakini katika maandiko haya bara ni mahali pa kuendea na kurudi. Siku huhesabiwa toka Bagamoyo au toka Unguja. Kituo hutajwa kwa chakula chake, hongo yake na pembe zake. Kisha msafara huondoka, na kituo hufa katika masimulizi. Hatusikii watu walisema nini jioni ile baada ya wageni kwenda zao. Simlaumu mfanyabiashara kwa kuandika kama mfanyabiashara. Nalaumu desturi iliyofuata, ya kuuchukua mtazamo wa mtu mwenye haraka na kuufanya mtazamo wa fasihi nzima.

Ajabu ni kwamba katika karne ya 20 watu wa Buha wenyewe wakawa wasafiri wakubwa kuliko wenye misafara. Mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalihitaji mikono, na nyanda za Kasulu na Kibondo zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoitoa mikono hiyo kwa wingi. Wengi walikwenda kwa miguu. Baadaye, tangu mwaka 1944, wenye mashamba walikuwa na shirika lao la kuajiri, lililojulikana kwa jina la SILABU, likiwasafirisha watu kwa malori na kwa treni. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Tulitafakari neno hili kwa makini. Mtu aliyeondoka kwao ana jina, ukoo na mwami, alifika mwisho wa safari yake akiwa ni hesabu. Na kwake yeye mwisho wa reli ulikuwa kule kule wanakoita wengine mwanzo, kwenye safu za mkonge karibu na bahari. Wako waliomaliza mkataba wakarudi na nguo na fedha kidogo; wako waliobaki, na wajukuu wao wapo Muheza na Korogwe hata leo. Safari ya watu hawa ilikuwa ndefu kama ile ya Tippu Tip kutoka pwani hata ziwani. Ya Tippu Tip imo katika kila maktaba ya chuo kikuu. Ya manamba twaiokota vipande vipande katika majalada ya serikali na katika kumbukumbu za wazee.

Iko na njia ya tatu, itokayo magharibi. Watu waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, na tena mwaka 1993, waliingia Buha kwa miguu. Na mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu kwa ajili ya watu waliotoka Kongo. Baada ya machafuko ya Burundi ya mwaka 2015, kambi ya Nduta huko Kibondo ilipokea wengine. Kwa mtu huyu Kibondo haikuwa pembe ya nchi iliyosahauliwa. Ilikuwa mahali pa kwanza alipolala bila ya kusikia bunduki. Hivyo kilima kile kile, katika muda wa miaka 150, kimekuwa kizuizi kwa mmoja, chimbuko kwa wa pili na kimbilio kwa wa tatu. Hapana ramani iwezayo kuyaonyesha hayo yote. Fasihi yaweza, ikitaka.

Hapa msomaji aweza kunipinga. Atasema kwamba Kiswahili ndicho kilichoufupisha umbali. Kwamba bila lugha iliyotoka pwani, mtu wa Kasulu na mtu wa Lindi wasingekuwa na neno la kuambiana, na kwamba ni utovu wa shukrani kuilaumu pwani kwa kuhesabu kutoka kwake. Hoja hii ina uzito, na nusu yake naikubali. Umoja wetu ni tunda la lugha hii, na wala sitamani Buha iliyofungiwa katika vilima vyake. Lakini kuunganishwa ni jambo moja na kupimwa ni jambo jingine. Kiswahili kimekuwa lugha ya wote kwa kuwa kila mmoja aweza kukisema akiwa amesimama kwao. Kikibaki kusema kwa macho ya pwani peke yake, kitakuwa kimefika Kibondo kama Stanley alivyopita, usiku na kwa siri.

Na hasara ya jambo hili haiishii vitabuni. Kiha ni ndugu wa karibu wa Kirundi; wasemaji wa lugha hizi mbili huelewana. Kasulu na Kibondo, kwa mstari ulionyooka, ziko karibu na Bujumbura kuliko zilivyo karibu na Tabora. Na Mkoa wa Kigoma peke yake wapita nchi nzima ya Burundi kwa ukubwa. Mpaka uliowekwa na wakoloni ulipita katikati ya watu wanaosalimiana, na hata baada ya Wajerumani kuondoka, sehemu hizi zilishikwa na Wabelgiji tangu 1916, wakazikabidhi kwa Waingereza mwaka 1921. Basi Muha afikapo mjini, mara nyingi huulizwa swali asiloulizwa mtu wa Tanga: je, wewe ni Mtanzania kweli? Muulizaji hana nia mbaya kila mara. Amesikia lafudhi, amekumbuka kambi za wakimbizi, amekumbuka kwamba huko ni mwisho. Lakini na tuutazame mwendo wa mawazo hayo. Kwanza nchi ilipimwa kutoka upande mmoja. Kisha walio mbali na kipimo wakaonekana wageni. Mwisho wakatakiwa kutoa ushahidi wa uraia katika nchi ambayo babu zao walizikwa kabla haijapewa jina. Tashbihi mbaya, ikirudiwa miaka mingi, huwa sheria isiyoandikwa.

Nchi nyingine kubwa zimejua ugonjwa huu, na moja imetupa mfano wa tiba. Brazili nayo ni nchi iliyotawaliwa kutoka pwani yake. Mwaka 1897 Euclides da Cunha, mhandisi na mwandishi wa gazeti, alikwenda kaskazini mashariki ya bara kuandika habari za vita vya Canudos, ambavyo jeshi la serikali lilipigana na mafukara wa nchi kame. Alikwenda akiamini kama walivyoamini wenzake wa mjini, kwamba wale ni maadui wa jamhuri. Kitabu alichokitoa mwaka 1902, Os Sertões, kina makosa mengi ya elimu ya wakati wake juu ya rangi na asili za watu. Lakini kinathubutu kuyaita maangamizi yale kwa jina lake, yaani uhalifu. Yafaa tujifunze kwake ule ujasiri wa kubadili mahali pa kusimama wakati safari inaendelea, na kukiri mbele ya msomaji kwamba umebadili.

Siombi basi riwaya za kuisifu Buha, wala mashairi ya kuvipamba vilima. Sifa za mbali ni mzaha uliovikwa nguo nzuri. Naomba kwamba wanafunzi wetu watokao Kasulu na Kibondo, ambao wapo katika vyuo vyetu na hukisema Kiswahili sawasawa na mwingine yeyote, waandike safari zao wakianza kuhesabu kutoka mlangoni kwao. Wakusanye masimulizi ya wazee waliokata mkonge maadamu wazee hao wapo. Na wahakiki, kila wanapokutana na maneno kama bara, ndani, pembezoni na mwisho, wasiyapite kama maneno ya jiografia tu, bali waulize msemaji amesimama wapi.

Siku hizi barabara ya lami imejengwa kupita Kasulu na Kibondo kuelekea Nyakanazi, na safari iliyokuwa ya siku nzima katika matope ya masika imekuwa fupi. Ni heri kubwa. Lakini lami hupunguza saa. Haipunguzi umbali ulio katika sentensi. Huo hauna mkandarasi ila mwandishi.