Nani Anashika Negativi: Vikundi vya Picha, Vijarida na Njia ya Galbet

Kuna majaribio mawili ya miaka ya 1990 ambayo yanafaa kusomwa pamoja na yeyote anayetaka kuchapa picha kutoka Garissa. Mwaka 1996, tawi la Garissa la Huduma ya Maktaba za Kitaifa Kenya (KNLS) lilianza kuwapelekea wafugaji vitabu kwa ngamia watatu. Mwaka uliofuata, mtaani Mathare, Nairobi, mpiga picha Lana Wong na Francis Kimanzi waliwagawia vijana 31 wa chama cha michezo cha MYSA kamera za plastiki za bei ndogo. Jaribio la kwanza lilionyesha jinsi karatasi inavyoweza kumfikia msomaji anayehama. La pili lilionyesha jinsi vijana wasio na mtaji wanavyoweza kutengeneza picha zenye uzito wa kitabu.

Kijana wa Galbet, wadi iliyo ndani ya mji wa Garissa, akitaka kuanzisha kikundi cha wapiga picha na kutoa kijarida chao wenyewe, anahitaji majibu yote mawili. Kamera ndiyo inayomsumbua kichwa zaidi, ilhali ndiyo shida ndogo kuliko zote.

Mathare inathibitisha hilo. Mradi ule uliitwa Shootback, na kamera zake hazikuwa na la kurekebisha: lenzi moja, filamu ya milimita 35, basi. Vijana walikuwa na umri wa kati ya miaka 12 na 17. Kwa kuwa mashine haikuwapa cha kuchezea, juhudi yao yote ilienda kwenye kusogea karibu na jambo, na kwenye kuandika maneno ya kuandamana na picha. Walipiga ndani ya nyumba zao, jikoni, kitandani kwa mgonjwa, mahali ambapo mwandishi wa habari angebisha hodi na kuachwa mlangoni. Mwaka 1999 kazi hiyo ikawa kitabu kilichochapishwa London na Booth-Clibborn Editions, picha na maandishi ya vijana wenyewe. Kimanzi baadaye alikuja kuwa kocha wa Harambee Stars, timu ya taifa ya soka ya Kenya, na mtu anaweza kuona uhusiano: kote kuwili kazi ilikuwa mazoezi ya kurudiarudia, na kuwaambia vijana ukweli kuhusu walichofanya.

Filamu ilikuwa na faida moja ambayo simu ya leo haina: iliisha. Mkanda wa picha 36 humlazimisha mtu kuamua kabla ya kubonyeza. Kikundi kinachotumia simu kinaweza kujiwekea mpaka huo huo, kila mwanachama alete picha 36 kwa wiki na asizidishe, kisha zichapwe ndogondogo kwenye karatasi moja na kujadiliwa mezani. Uhariri wa kijarida huanzia hapo.

Hata hivyo, kipimo cha kweli cha Shootback kilikuja baadaye. Mmoja wa vijana wale, Julius Mwelu, alikua akawa mpiga picha, na mwaka 2007 akaanzisha Mwelu Foundation humo humo Mathare ili kuwafundisha wengine picha na filamu. Ujuzi ulibaki mtaani baada ya kitabu kutoka. Miradi mingi ya picha inayoletwa na wageni haifiki hapo. Picha huondoka na aliyezileta, mtaa ukabaki na kumbukumbu ya kupigwa picha.

Garissa ina sababu ya pekee ya kulitafakari hili. Kambi za wakimbizi za Dadaab zilianza kufunguliwa mwaka 1991, na tangu hapo Ifo, Dagahaley na Hagadera zimepigwa picha na mashirika ya dunia nzima. Kwa mpiga picha kijana wa kaunti hii, kazi yenye malipo mara nyingi hutoka kwa mashirika. Hapo ndipo Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inapomshika. Kwa kawaida aliyetunga kazi ndiye mwenyewe, lakini kazi ikiagizwa na mtu mwingine, au ikifanywa na mwajiriwa akiwa kazini, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa makubaliano yaseme vinginevyo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye thamani. Sentensi moja ikiongezwa kwenye mkataba, kwamba shirika litatumia picha kwa kazi yake na mpiga picha abaki na hakimiliki, inaweza kuokoa miaka 10 ya kazi ya kijana. Kikundi kinapaswa kuwa na sentensi hiyo tayari kabla hakijawa na nembo.

Uganda imetoa mfano mzuri wa upande wa hifadhi. Mwaka 2011 Andrea Stultiens na Canon Rumanzi walianzisha History in Progress Uganda. Walitafuta picha za zamani zilizokuwa kwa familia na kwa wapiga picha, wakazinakili kwa kompyuta na kuzirudisha machoni pa watu. Kutokana na kazi hiyo ulitoka mfululizo wa vitabu uitwao Ebifananyi, vikiwemo vya picha za Deo Kyakulagira na za Musa Katuramu wa Ankole. Kila kitabu kimejengwa juu ya mkusanyiko mmoja. Kwa kikundi kidogo huu ni mpango unaowezekana: mkusanyiko mmoja, kijarida kimoja. Sanduku la picha za harusi na za shule lililo chini ya kitanda cha mzee mmoja wa Galbet linatosha kwa toleo zima, bila mwanachama yeyote kupiga picha mpya.

Uzito wa kuhifadhi picha kwa Kaskazini Mashariki ni mkubwa kuliko sanaa. Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi mjini Garissa ulichomwa na watu wakauawa katika msako wa vyombo vya usalama. Februari 1984 yakatokea mauaji ya Wagalla, Wajir. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyatia yote mawili katika ripoti yake ya mwaka 2013, na sehemu kubwa ya yanayojulikana ilitoka vinywani mwa walionusurika. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliacha kumbukumbu ya namna nyingine. Kulikuwa na maonyesho na kitabu cha Kenya Burning kutoka GoDown Arts Centre, Nairobi, na kuanzia mwaka 2009 Boniface Mwangi alizungusha Picha Mtaani, picha kubwa zilizosimamishwa barabarani ili apitaye aone bila kulipa. Tofauti haikuwa ya ukubwa wa maumivu. Mwaka 2008 wapiga picha Wakenya walikuwa wengi, walikuwa na picha zao mikononi, na walikuwa na mahali pa kuzionyesha.

Sasa karatasi yenyewe. Kijarida cha A5 chenye kurasa 32 ni karatasi 8 za A4 zilizokunjwa kati na kubanwa kwa pini mbili mgongoni. Karatasi ya kawaida ya fotokopi, ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ina uzito wa gramu 5. Nakala moja basi ni gramu 40, na nakala 100 ni kilo 4: kifurushi kidogo kwenye basi la Nairobi–Garissa. Kurasa lazima zigawanyike kwa 4. Ukurasa wa 1 hulala karatasi moja na wa 32, wa 2 na wa 31, na kuendelea hivyo hadi 16 na 17 zinapokutana katikati. Hapo katikati ndipo pekee picha inapoweza kuvuka kurasa mbili bila kukatika, kwa hiyo picha kuu ya toleo hutafutiwa nafasi hiyo kwanza na nyingine zote hupangwa kuizunguka. Karatasi 8 zikikunjwa pamoja, za ndani husukumwa nje kidogo, na kisu cha mwisho hula ukingo wake. Maandishi yakae angalau milimita 10 kutoka ukingoni.

Nuru ya Garissa ina masharti yake. Mji uko kusini kidogo tu ya ikweta, na saa sita mchana jua husimama utosini. Kofia hutia uso giza, kanzu nyeupe huwaka, buibui jeusi hugeuka doa moja. Kioo cha simu huficha kasoro hiyo kwa sababu kinang'aa. Mashine ya fotokopi haina huruma, nayo huziba vivuli kwa wino na kupoteza kila kilichokuwa ndani yake. Dawa ni kupiga asubuhi au alasiri, au kumweka mtu kwenye kivuli kilicho wazi upande mmoja, kisha kupandisha mwanga wa vivuli kabla ya kuchapa. Kila ngozi nyeusi ijaribiwe kwenye mashine ile ile itakayochapa toleo, karatasi moja kwanza, uso uangaliwe kabla ya anga. Anayeruka hatua hii hugundua kosa nakala zote zikiwa zimeshabanwa pini.

Ridhaa ni sehemu ya ufundi huu, na Garissa haiwezi kuichukulia kama karatasi ya kutia sahihi tu. Katika kaunti hii wako Wakenya waliokosa kitambulisho kwa miaka kwa sababu alama zao za vidole zilionekana kwenye daftari la wakimbizi, suala ambalo shirika la Haki na Sheria la mjini humo limelishughulikia kwa muda mrefu. Mtu anayejua hayo akiuliza picha itakwenda wapi, ana haki ya jibu kamili. Wapo pia wanawake wengi wasiotaka uso wao uchapwe, na jibu lao halihitaji kubembelezwa. Mikono inayokama ngamia, kibuyu cha maziwa, kivuli ukutani, vyote vinasimulia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo ina meno: Septemba 2023 kamishna wa data alitangaza faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa shule iliyoweka picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Fomu fupi ya Kisomali na Kiswahili, na nakala moja ya picha kwa aliyepigwa, ni gharama za lazima za toleo.

Kuhusu usambazaji, maktaba ya ngamia ilitatua mengi mapema. Ngamia mmoja alibeba takriban vitabu 400 katika masanduku, mwingine hema, na msafara ulirudi baada ya wiki mbili kuchukua vilivyosomwa. Msomaji aliazima, hakununua. Kijarida cha gramu 40 kingeweza kuingia kwenye mzunguko kama huo kwa urahisi. Nakala 10 zikiazimishwa kwa vinyozi, shule, duksi (madrasa) na akina mama wa maziwa wa Soko Mugdi zitasomwa na macho mengi kuliko nakala 100 zilizolala kwenye katoni. Ila kikundi kijue sheria kabla ya kuandika "toleo la kila mwezi" kwenye jalada, kwa sababu chapisho la mfululizo laweza kuhesabiwa gazeti: mabadiliko ya mwaka 2002 yalipandisha dhamana ya mchapishaji wa gazeti kutoka shilingi 10,000 hadi milioni 1. Kitabu chenye jina lake na namba ya ISBN kutoka KNLS ni mlango mwingine.

Fedha ziendeshwe kama chama: gharama ya toleo lijalo hutolewa kwanza, kinachobaki hugawanywa, na daftari husomwa mbele ya wote. Wanunuzi wenye uwezo mara nyingi wako mbali, kama Minneapolis, Marekani, ambako posta ingemeza bei yote. Hao wauziwe faili wachapishe huko huko. Marekani hutumia karatasi ya milimita 216 kwa 279, pana kidogo na fupi kuliko A4 ya 210 kwa 297, kwa hiyo mpangaji wa kurasa akiacha nafasi ya kutosha pande zote tangu mwanzo, faili moja litachapika Galbet na Minneapolis bila kichwa cha mtu kukatwa.