Silabi Kabla ya Herufi: Sikio la Mtoto katika Ufundishaji wa KKK

Mtaala wa Darasa la I na la II ulioanza kutumika 2015, kazi ya Taasisi ya Elimu Tanzania iliyoko Mikocheni, uliweka mbele stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Katika kusoma, mwalimu huanza na sauti ya herufi badala ya jina lake. Faida yake haina ubishi: mtoto halazimiki tena kukariri kuwa "em" na "a" huzaa "ma". Hata hivyo, mkabala huo umejengwa juu ya dhana ambayo fonolojia ya Kiswahili haiiungi mkono, kwamba kipande anachokishika mtoto kwanza kwa sikio ni fonimu.

Tuchukue /k/. Konsonanti hii haisikiki vyema darasani ikitamkwa peke yake, hivyo mwalimu huitia irabu hafifu, kisha humtaka mtoto aiunganishe na /a/ apate "ka". Kwa hakika mtoto anatakiwa kudondosha irabu ambayo ameambiwa haipo. Irabu zenyewe hazina taabu hiyo, kwa kuwa kila moja yaweza kuwa silabi kamili, kama katika oa na ua.

Sikio hushika nini basi? Ushahidi umo katika kinyume, mchezo wa lugha wa pwani ambao Edward Steere aliueleza katika karne ya 19. Silabi ya mwisho huhamishiwa mwanzoni: maji huwa jima, kitabu huwa bukita. Neno nyumba huwa mbanyu, si banyum. Asiyejua herufi hata moja anaihifadhi mb kama kitu kimoja, jambo ambalo baadhi ya wanafunzi wetu wa shahada ya kwanza bado hulibishia.

Tulinganishe pia mboga na mgeni. Kwa macho, yote mawili huanza na m inayofuatwa na konsonanti. Kwa sikio, mboga lina makofi mawili na mgeni matatu, kwa sababu m ya mgeni ni silabi. Mbwa nalo lina mawili, na mkazo huangukia m. Mtoto aliyepiga makofi kabla ya kuona maandishi ana pa kushikia. Aliyeanzia kwenye herufi aweza kusoma "m-bo-ga" kwa silabi tatu, akasahihishwa kana kwamba kosa ni lake.

Huenda ikasemwa kwamba chati za ba be bi bo bu zilikwisha kutumia silabi. Zile zilikuwa silabi za macho, zikikaririwa kutoka ubaoni. Tunachodai ni kazi ya mdomo: kugeuza maneno, kudondosha silabi, kubadili ile ya kwanza ili kata liwe futa, leta au pita. Fonimu haiachwi. Anayechanganya kula na kura anahitaji jozi kama hizo, ila azipate akiwa amekwisha kuzimudu silabi.

Kazi hii haihitaji chati wala kitabu kipya. Inahitaji kiongozi cha mwalimu kimruhusu kupitisha majuma ya mwanzo bila kuandika chochote ubaoni.