Kitako cha Meteor: msasa ulipoingia mwisho

Julai, fundi mmoja wa Ruiru ambaye riziki yake ni vitanda na sofa aliletewa kazi asiyoizoea: kitako cha bunduki ya upepo, BSA Meteor. Mwenyewe, mkazi wa Thika mwenye leseni, alikuja na mti peke yake. Chuma kilibaki kwake chini ya kufuli. Niliifuata kazi hiyo hadi mwisho. Ilifaulu kwa sababu fundi alikubali kuiweka kando desturi ya karakana yake.

Desturi yenyewe inaeleweka. Kitanda kipya cha saipresi hupigwa msasa kwa mashine, hupakwa sila, hupulizwa laka, na jioni kimeshapakiwa kwenye pikapu. Mbao ikipungua milimita moja, nani atajua? Lakini Meteor, iliyoanza kutengenezwa Birmingham, Uingereza, mwaka wa 1959, ina kitako cha bichi, mti wa misitu ya Ulaya, kilichochongwa kikumbatie bomba la chuma. Ndani ya bomba mna springi nzito; ikifyatuka, bunduki hurudi nyuma kisha hurushwa mbele, na mtikisiko huo wote hubebwa na skrubu chache. Ukiila mbao pale chuma kinapokaa, skrubu hulegea na shabaha hupotea.

Kwa hiyo ilibidi rangi iondoke, mti ubaki. Kwanza fundi aliipima rangi. Pamba yenye spiriti haikufanya kitu, basi haikuwa sheloki. Thina ilipogusa, ngozi ya juu ililainika palepale: laka. Akaifunika kwa vitambaa vya thina, sehemu moja baada ya nyingine, akakwangua kwa kipande cha plastiki na kusugua pembe kwa mswaki mkuukuu. Kuzunguka matundu ya skrubu mti ulikuwa mweusi kwa mafuta ya mashine yaliyonywewa miaka mingi. Hapo alibandika uji wa poda na thina, akauacha ukauke, akaupangusa. Mara ya tatu weusi ulibaki kama kivuli tu.

Kilichonifurahisha zaidi ni mabonyeo. Palipobonyea, nyuzi za mti hazijakatika, zimeshindiliwa tu. Alilaza kitambaa kibichi juu yake, akakigusa kwa pasi ya moto kwa sekunde chache. Mvuke ukaingia, nyuzi zikavimba na kurudi mahali pake. Mikwaruzo iliyokata nyuzi haikurudi, wala hakuifukuza kwa msasa. Aliiacha, na nadhani alifanya vyema: ni alama za matumizi ya kweli.

Ndipo msasa ulipoingia, kwa mkono, kufuata nyuzi: namba 180, kisha 240. Akaulowesha mti kidogo ili vinyweleo visimame, ukakauka, akamaliza kwa 320. Ndani, chuma kinapokaa, hakugusa.

Laka mpya aliikataa, na karakana iliyo kando ya barabara ya udongo mwekundu ilimpa sababu: vumbi hunasa kwenye laka mbichi. Alitumia mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yale ambayo maduka ya hadiwea huyaita linsidi. Alipaka kidogo, akasubiri robo saa, akafuta yote yaliyobaki juu. Mafuta haya hugandishwa na hewa, na baridi huyachelewesha. Kwa mawingu ya Julai kila mkono ulihitaji siku mbili. Mikono mitano ikachukua siku kumi. Kugandisha huko huzalisha joto, kwa hiyo vitambaa vilivyolowa mafuta vikikunjwa pamoja pembeni vinaweza kuwaka vyenyewe. Karakana yenye maranda sakafuni haina nafasi ya kosa hilo. Alivitandaza nje kimoja kimoja.

Dosari ni moja. Kipande cha mpira kinachokaa begani alikifungua kabla ya kupiga msasa, na ukingo wa mti nyuma yake ukalika. Kiliporudishwa, mpira ulichomoza nje ya mti, na kidole kinalisikia jambo hilo kila kinapopita. Ungebaki umefungwa, umezungushiwa utepe wa gundi, mti na mpira vingelingana. Nawe ukimpelekea fundi kitako chako, usiufungue mpira huo, na mwombe asiwashe mashine.