Heko kwa Waosha Makochi
Kochi la mahameli halitaki pupa. Maji yakizidi, huacha alama za duara. Sponji ya ndani ikilowa, huvunda. Ndiyo maana fundi anayepita majumbani kuosha makochi haanzi na ndoo. Hufyonza vumbi kwanza, hujaribu dawa nyuma ya kochi pasipoonekana, kisha hutumia povu. Doa halisugui, huligandamiza taratibu kwa kitambaa cheupe, kutoka ukingoni kwenda katikati, lisije likatambaa. Mwishoni huyalaza manyoya upande mmoja na kuwasha feni ili kochi likauke bila kuanikwa, kwa kuwa jua hupausha rangi. Kazi yote hiyo huifanya amepiga magoti. Wageni husifu kochi, fundi hatajwi. Basi tusimkatie ujira wake: ameutolea jasho.