Chupa Chini ya Kitanda

Tumbo likipasuliwa, mgonjwa huendelea kupumua. Kifua hakina msamaha huo. Pafu halina msuli wa kujitanua. Hukaa limetanuka kwa sababu shinikizo kati yake na ukuta wa mbavu ni dogo kuliko la hewa ya nje. Toboa ukuta huo ovyo, hewa inaingia, pafu linanywea. Ndiyo maana wapasuaji waliokwisha kuzoea kukata matumbo walikikwepa kifua mpaka karne ya 20 ilipoanza. Mwaka 1904, mjini Breslau, Ferdinand Sauerbruch alitengeneza chumba kizima chenye shinikizo dogo: daktari na mwili wa mgonjwa ndani, kichwa cha mgonjwa nje. Werevu mkubwa, na mzigo mkubwa.

Mimi naihusudu zaidi chupa. Gotthard Bülau, daktari wa Hamburg, alichapisha mwaka 1891 njia yake ya kutoa usaha kifuani: mpira hupitishwa katikati ya mbavu, ncha ya pili ikazamishwa majini. Basi. Usaha na hewa hutoka, maji yanazuia hewa isirudi.

Chupa hiyo husomwa. Mgonjwa akivuta pumzi, maji hupanda mpirani, akiitoa, hushuka. Mapovu yakitoka anapokohoa, pafu bado linavuja. Maji yakitulia tuli, ama pafu limejaa vizuri, ama mpira umeziba, na hapo muuguzi mzoefu huacha kuitazama chupa akamtazama mgonjwa. Mpira unaotoa mapovu haubanwi, maana hewa ikikosa njia italikandamiza pafu na hata moyo. Wala chupa hainyanyuliwi juu ya kifua. (Waelezeni ndugu wanaoisogeza kwa mguu wapate pa kuweka hotipoti.)

Ufundi wenyewe una subira ndani yake. Mwaka 1918, katika kambi za jeshi la Marekani, askari wenye usaha kifuani walipasuliwa mapema na kuachwa wazi; karibu asilimia 30 walikufa. Tume aliyokuwamo mpasuaji Evarts Graham ilishauri usaha uvutwe kwa sindano kwanza, kifua kifunguliwe baadaye, pafu likishashikamana na ukuta. Katika moja ya kambi hizo, Camp Lee, vifo vilishuka hadi karibu asilimia 4. Kisu kilikuwa kilekile.

Kuchungulia ndani ya kifua nako kulianza kwa kuazima. Mwaka 1910 Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm, ambaye hata hakuwa mpasuaji, alichukua chombo cha kutazamia kibofu cha mkojo akakiingiza kifuani. Leo kamera hupita kwenye tundu dogo, daktari akaona chembe za kifua kikuu au vinundu vya saratani kwenye utando wa ndani ya kifua, akakata kipande kwa ajili ya maabara.

Usaha uliokaa muda mrefu hugeuka gamba gumu linalolifunga pafu. Kulibandua ni kazi ya saa kadhaa, kwa upole wa mtu anayetenga yai na utando wake wa ndani. Mpasuaji humwomba mtaalamu wa usingizi alipulize pafu kidogo. Linapotuna ndipo mpaka wa gamba unapoonekana, naye huendelea kubandua. Akimaliza huacha mipira miwili: wa juu kwa ajili ya hewa, wa chini kwa ajili ya damu.